Tumaini la Kasisi Kumalo

Riwaya ya Alan Paton iitwayo Cry, the Beloved Country, ambayo kwa Kiswahili twaweza kuiita Lia, Ee Nchi Tuipendayo, ilitolewa mjini New York mwezi wa Februari 1948. Kabla miezi minne haijatimia, tarehe 26 Mei mwaka ule ule, chama cha National kilishinda uchaguzi wa Afrika ya Kusini, uchaguzi ambao Waafrika walio wengi hawakuruhusiwa kupiga kura, na siasa ya ubaguzi iitwayo apartheid ikaanza kupewa nguvu ya sheria. Hivyo kitabu kilichosimulia tumaini la Mkristo kilitangulia kidogo tu mbele ya usiku mrefu uliodumu hata mwaka 1994. Wako wasomaji waliosema kwamba usiku ule ulikisuta kitabu. Wako wengine waliosema kwamba kitabu kiliuona usiku unakuja, kikawaandaa watu kuupita. Makusudi ya makala hii ni kuyapima maneno hayo mawili kwa kukirejea kitabu chenyewe, maana aghalabu watu hukisifu au kukilaumu kwa kumbukumbu zao tu, bila ya kukifungua tena.

Sababu iliyonirudisha kwenye riwaya hii ni swali la mwanafunzi mmoja. Yeye ni mtu mzima, aliyekuja chuoni baada ya kutumika miaka kadhaa katika ofisi fulani. Huko kulitokea upotevu wa fedha. Wakubwa walipouliza, yeye alisema aliyoyaona na kukiri pia uzembe wake mdogo, na wenzake wakakana kila kitu. Yeye aliondolewa kazini; waliokana wakabaki. Tulipokuwa tukiijadili riwaya ya Paton alisimama akasema, “Mwalimu, kijana Absalom alisema kweli akanyongwa, na waliosema uongo wakarudi nyumbani kwao. Kisha kasisi apanda mlimani kumshukuru Mungu. Je, hili ni tumaini, ama ni dawa ya usingizi?” Darasa lilinyamaza. Nilimjibu maneno machache ambayo mimi mwenyewe sikuridhika nayo, na haya yanayofuata ni jaribio la kumjibu vizuri zaidi.

Kabla ya kuingia kitabuni yafaa tuyatazame maneno yetu. Lugha yetu ina maneno matatu ambayo wasemaji huyachanganya kila siku. Tamaa hushika kitu: mtu huona, hutaka, hunyosha mkono. Taraja hushika tukio: mkulima hutarajia mvua kwa sababu ameyaona mawingu, na mfanya biashara hutarajia faida kwa sababu ameipiga hesabu. Tumaini laweza kushika vyote viwili, lakini zaidi ya hayo humshika mtu. Asemaye “namtarajia baba” ana maana kwamba baba yu njiani anakuja. Asemaye “namtumaini baba” ana maana kwamba hata kama baba hajaonekana njiani, moyo wake umemwegemea. Kwa hiyo mtu aweza kukata tamaa, akakosa hata taraja, na bado akawa na tumaini. Jambo hili huonekana kama mchezo wa maneno mpaka tukutane na Stephen Kumalo.

Kumalo ni kasisi mzee wa Kianglikana katika kijiji cha Ndotsheni, mashambani mwa Natal, ambako udongo umechoka na vijana wameondoka. Watu wake humwita umfundisi, neno la Kizulu ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa mzizi wake ni ule ule wa neno letu kufundisha. Mwezi wa Septemba 1946 yamfikia barua kutoka Johannesburg kwamba dada yake Gertrude ni mgonjwa. Aenda kumtafuta dada, na kumtafuta mwanawe Absalom ambaye amekaa kimya siku nyingi. Dada amwona katika biashara ya pombe na ya mwili wake. Mwana amwona gerezani, kwa kosa la kumwua kwa risasi Arthur Jarvis, Mzungu aliyetumia maisha yake kuwatetea Waafrika, na ambaye baba yake, James Jarvis, ana shamba kubwa juu ya bonde lile lile la Ndotsheni. Kitabu cha kwanza cha riwaya hufuata hatua za Kumalo. Cha pili hufuata hatua za Jarvis. Cha tatu huwarudisha wazee wote wawili nyumbani, kila mmoja akiwa amempoteza mwana wa pekee.

Mwandishi hakuyatunga haya akiwa mbali na mambo yenyewe. Tangu mwaka 1935 hata 1948 Paton alikuwa mkuu wa Diepkloof, shule ya marekebisho ya vijana wa Kiafrika waliohukumiwa, karibu na Johannesburg. Aliwajua akina Absalom kwa mamia. Kitabu alikianza Trondheim, nchini Norway, mwaka 1946, alipokuwa katika safari ya kutazama magereza ya nchi nyingine, akakimaliza San Francisco mwishoni mwa mwaka ule ule. Twaweza kusema kwamba kiliandikwa kwa shauku ya mtu aliye ugenini, na shauku hiyo imekipa sauti yake ya wimbo. Lakini kiliandikwa pia na mtu aliyeshika funguo za gereza, na jambo hili lisisahauliwe na wale wanaodhani kwamba hakujua ukali wa dunia.

Sasa tulitazame giza lenyewe. Msomaji wa haraka hudhani kwamba katika riwaya hii giza ni mji na nuru ni kijiji. Kwamba Johannesburg humeza watoto wema wa Ndotsheni. Mawazo hayo huwapendeza sana watu wa dini, maana humwezesha kila mmoja kuliona giza upande wa pili wa barabara. Paton hakuandika hivyo. Kwanza, Ndotsheni yenyewe inakufa kabla Absalom hajaondoka, kwa kuwa watu wengi wamebanwa katika ardhi ndogo na wanaume wamevutwa kwenda migodini. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, giza limo ndani ya kasisi mwenyewe.

Mara ya kwanza twalikuta kwenye garimoshi, pale Kumalo anapojifanya mbele ya wasafiri wenzake kuwa ni mwenyeji wa Johannesburg, ilhali hajapata kufika huko. Ni uongo mdogo wa mtu mwenye hofu. Mara ya pili twalikuta nyumbani kwa yule msichana aliyechukua mimba ya Absalom. Kumalo amhoji kwa ukali, kisha, kwa ghadhabu ya mzee aliyeumia, amwuliza kama angekubali kuwa na yeye mwenyewe. Na msichana, kwa kuchanganyikiwa na woga, akubali. Kumalo aona haya kuu. Amemtega mtoto ili amdhalilishe. Mara ya tatu ni kwa ndugu yake John: Kumalo aenda kuagana naye kwa wema, lakini kwa kutaka kumchoma moyo amtungia habari ya mpelelezi aliyetumwa kumnasa. John amtoa nje na kufunga mlango, na mlango huo haufunguki tena.

Nimezihesabu dhambi hizi kwa sababu mwandishi mwenyewe amezihesabu. Usiku wa mwisho, mlimani, kabla ya kuomba lolote, Kumalo azikumbuka moja moja: uongo wa garimoshi, ukatili kwa msichana, neno la kumwumiza ndugu. Hapo ndipo tumaini lake linapotengana na matumaini mepesi. Mtu anayeliona giza kwa wengine tu hana haja ya tumaini. Haja yake ni ushindi. Anayeliona ndani yake pia hawezi kujiegemea mwenyewe, wala hawezi kuridhika na kuanguka kwa adui zake. Lazima amwegemee mwingine. Kwa maana hiyo toba katika riwaya hii si pambo la mhubiri, ni mlango wa hadithi yote: ukiuondoa, tumaini la kitabu huwa utamu mtupu.

Twende sasa mahakamani, mahali ambapo mwanafunzi wangu alijikwaa. Absalom aliingia nyumbani kwa Arthur Jarvis pamoja na vijana wawili, mmoja wao mwana wa John. Alifyatua bastola kwa hofu, akaua. Mbele ya hakimu asema kweli yote, nao wenzake wakana kwamba walikuwapo. Hakimu hana ushahidi wa kutosha juu yao, awaachia. Absalom ahukumiwa kunyongwa. Ombi la huruma lapelekwa juu, lakataliwa.

Nadhani itatufaa kuilinganisha mahakama hii na nyingine ambayo wasomaji wa Kiswahili waijua vizuri, ile ya Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1951, miaka mitatu tu baada ya riwaya ya Paton. Karama ashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Ajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi yao kutafuta mema, nao waliporudi wakatupwa gerezani kwa shukrani. Maneno yake yashinda. Mfalme amwachia, na wajumbe wafunguliwa. Shaaban Robert, Mwislamu aliyeandika chini ya serikali ya kikoloni, aliitumaini nguvu ya neno la haki mbele ya mtawala asikiaye. Paton, Mkristo aliyeandika katika nchi iliyojiita ya Kikristo, aionyesha mahakama ambayo neno la kweli lasikilizwa, laaminiwa, na bado halimwokoi msemaji. Tena hakimu wake si mwovu: afuata sheria kwa uangalifu. Uovu umo katika jambo jingine, kwamba sheria yenyewe imetungwa na upande mmoja wa watu, nao waliowekwa chini yake hawakuulizwa.

Tofauti hii haimfanyi mmoja kuwa bora kuliko mwenzake. Karama hana hatia. Absalom amemwaga damu ya mtu. Kusadikika ni nchi ya mfano, ielekeayo angani, na mfano una haki ya kutuonyesha mambo yatakavyopaswa kuwa. Walakini tukisoma vitabu hivi viwili pamoja twaona kwamba tumaini la Kusadikika lina mapato yake ndani ya hadithi yenyewe, na tumaini la Ndotsheni halina. Kweli ya Absalom haimlipi kitu. Kama imani ya Kikristo ingekuwa ni hesabu isemayo kwamba mwema hulipwa hapa hapa, basi riwaya hii ingekuwa kitabu cha kuikanusha. Mwandishi ameifunga njia hiyo kwa makusudi, ili msomaji asipite humo.

Kweli hiyo ina kazi gani basi? Tazama nini kinatokea kwa Absalom mwenyewe. Kijana aliyekimbia, aliyedanganya, aliyekaa bila kuandika hata barua, asimama kwa mara ya kwanza kama mtu anayejibu kwa jina lake. Amwoa yule msichana gerezani ili mtoto awe na baba, na aacha wasia juu ya jina la mtoto. Wenzake waliokana waondoka mahakamani wakiwa huru, nasi hatuambiwi kwamba wamepata kuwa kitu. Kweli haikumwokoa na kitanzi. Ilimwokoa na ule utupu ambao Johannesburg ilikuwa imemwingiza. Wako watakaosema kwamba ni faida ndogo. Nami sisemi kwamba ni kubwa. Nasema kwamba ni ya kweli, na kwamba hakuna hukumu iwezayo kuitengua.

Kiini cha riwaya, kwa maoni yangu, si mahakamani wala mlimani. Kiko mlangoni pa nyumba moja katika mji wa Springs. Kumalo amekwenda kuulizia habari za binti wa mtu wa kijijini kwake. Abisha, mlango wafunguliwa na James Jarvis, ambaye alikuja kuwatembelea wenye nyumba. Mzee aanza kutetemeka, miguu yake yalegea, akaa chini. Jarvis hajui anachoogopa mtu huyu. Kwa taratibu, kwa Kizulu, amvuta aseme. Na Kumalo asema lililo zito kuliko yote awezayo kusema, kwamba mwana wake ndiye aliyemwua mwana wa aliye mbele yake. Jarvis aenda kando kidogo, arudi, asema kwamba sasa ameelewa asichokielewa, na kwamba hamna hasira ndani yake.

Katika tukio hilo hakuna mahubiri. Hakuna hata neno la msamaha, na msomaji mwangalifu atalitambua hilo. Jarvis hasamehi kwa sauti, na Kumalo haombi. Kuna kweli iliyosemwa mahali ambapo uongo ungekuwa rahisi, na kuna mtu aliyeisikia bila kuirudisha kwa pigo. Kila jema linalotokea baadaye Ndotsheni, maziwa ya watoto, bwawa la maji, bwana shamba, latokana na dakika hizo. Basi kweli ile ile iliyomnyonga mwana mahakamani yamfungulia baba mlango huku Springs. Paton ameyaweka mambo haya mawili karibu karibu, nami sidhani kwamba ni kwa bahati.

Hata hivyo yapasa tuzisikilize lawama, kwa kuwa ni za haki kwa sehemu kubwa. Ezekiel Mphahlele, katika kitabu chake The African Image cha mwaka 1962, alilalamika kwamba ujumbe wa mwandishi hujitokeza mno mbele ya hadithi. Wengi baada yake wamesema kwamba Kumalo ni mpole kupita kiasi. Kwamba wema wote wamshukia Mwafrika kutoka mkononi mwa Mzungu mwenye shamba kubwa. Na kwamba mwanasiasa wa Kiafrika, John Kumalo, mwenye sauti ya fahali, amechorwa kuwa mwoga na mpenda fedha, kana kwamba anayedai haki ya watu wake hawezi kuwa mtu safi.

Juu ya John nakubali kwamba mwandishi alikosa kiasi. Maneno ya John juu ya migodi na mishahara ni ya kweli, na si uungwana kuitia kweli katika kinywa kibaya ili ionekane mbaya. Lakini John hayuko peke yake. Pembeni mwake yuko Dubula, anayeongoza mgomo wa mabasi kutoka Alexandra, na ambaye kwa heshima awashawishi Kumalo na rafiki yake Msimangu wasipande basi, nao waenda kwa miguu maili nyingi. Mgomo huo si wa kubuni: wakazi wa Alexandra waligomea mabasi kweli katika miaka ya 1940 kwa sababu ya nauli iliyopandishwa. Kasisi anayetembea na waliogoma hajaambiwa alale.

Juu ya wema wa Jarvis, jibu limo kitabuni, katika kinywa cha kijana Napoleon Letsitsi, bwana shamba aliyeletwa kuufufua udongo wa Ndotsheni. Kumalo amsifu Jarvis kwa machozi. Letsitsi, bila kumvunjia mzee heshima, amkumbusha kwamba ni Wazungu waliowaachia Waafrika ardhi ndogo na kuwaondoa mashambani wakafanye kazi. Kinacholetwa sasa ni kama kurudisha sehemu ya kilichochukuliwa. Yeye hafanyi kazi kwa ajili ya bwana huyu au yule, aifanyia kazi Afrika. Kumalo aogopa kidogo, amwombea kijana asichukie, wala hana hoja ya kumshinda. Mwandishi amemwacha kijana na neno lake. Laiti Letsitsi angeingia mapema zaidi! Amekuja katika kurasa za mwisho, wakati msomaji mwingi wa huruma amekwisha funga moyo wake kwa furaha ya maziwa.

Nami nina lawama yangu, ambayo sikuisikia ikitajwa na wanafunzi wangu wa kiume. Yule msichana, mke wa Absalom, mama wa mjukuu wa kasisi, hana jina. Huitwa msichana tangu mwanzo hata mwisho. Gertrude ana jina, lakini usiku wa kuamkia safari ya kurudi nyumbani atoweka, na mwandishi hamfuati. Kitabu kinachotufundisha kwamba kila aliyepotea hutafutwa kimewaacha wanawake wawili, mmoja bila jina na mmoja bila njia. Yamkini Paton alitaka kuonyesha jinsi dunia ile ilivyowaona; lakini naona kwamba hapa giza la dunia limeingia katika kalamu. Tumaini la Kikristo lisilojua jina la aliye chini kabisa bado halijamaliza kazi yake.

Msimangu, kasisi kijana aliyemwongoza Kumalo mjini, ana hofu moja aitamkayo mapema na ambayo Kumalo aikumbuka mlimani: kwamba siku Wazungu watakapogeuka na kuanza kupenda, wataona kwamba Waafrika wamegeuka na kuanza kuchukia. Huyu ndiye mtu ambaye, anapoingia katika maisha ya utawa, ampa Kumalo akiba yake yote ya posta, paundi 33, shilingi 4 na peni 5. Nimeitaja hesabu hiyo kwa kuwa mwandishi ameitaja. Tumaini la Msimangu laweza kuhesabiwa kwa peni. Hayuko katika mawingu. Na hofu yake haikuwa ya bure. Tarehe 21 Machi 1960, huko Sharpeville, polisi waliwapiga risasi watu walioandamana kupinga sheria za pasi, wakaua 69.

Je, mwandishi naye alilala? Mwaka 1953 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha Liberal, chama cha watu wa rangi zote. Mwaka 1960 serikali ilimnyang'anya pasi yake ya kusafiria, akakaa miaka kumi bila hiyo. Mwaka 1964 alisimama mahakamani Pretoria kuomba Nelson Mandela na wenzake wasihukumiwe kufa. Alikuwa Mzungu aliyejua vema jinsi atakavyochukiwa kwa hilo. Mwaka 1968 sheria ilikataza vyama vya rangi mchanganyiko, na chama chake kikavunjika. Alifariki mwezi wa Aprili 1988, miaka sita kabla ya uchaguzi wa kwanza wa watu wote. Twaweza kubishana naye juu ya siasa yake, na wengi walibishana naye. Lakini hatuwezi kusema kwamba alimwandikia Kumalo tumaini ambalo yeye mwenyewe hakuligharimia.

Liko pia jambo linalotuhusu sisi wa Tanzania. Katika riwaya yumo kasisi wa Kiingereza, Father Vincent, anayemfariji Kumalo na kuwafungisha ndoa Absalom na msichana. Inasemwa kwamba Paton alimchora kwa kumtazama Trevor Huddleston, mtawa aliyetumika Sophiatown tangu mwaka 1943 na kuzipinga sheria za ubaguzi hata akaitwa kurudi Uingereza. Huyu ndiye Huddleston aliyekuwa askofu wa Masasi tangu 1960 hata 1968. Mfariji wa kitabuni ni mtulivu. Mtu halisi alikuwa na hasira takatifu, akaendelea kuipigania Afrika ya Kusini hata uzeeni. Tukimweka mtu huyu pembeni mwa mhusika, twajua kwamba faraja na mapambano vyaweza kukaa katika kanzu moja. Na ule wimbo wa Enoch Sontonga ambao Kumalo aukumbuka mlimani anapoiombea Afrika, muziki wake ndio tunaouimba katika Mungu Ibariki Afrika. Kila mara tunaposimama kuuimba, tumesimama karibu na mzee yule kuliko tunavyodhani.

Basi nirudi mlimani, na kwa mwanafunzi wangu. Kumalo apanda usiku wa kuamkia siku ya mwanawe kunyongwa Pretoria. Amechukua chai na vikate vya mahindi. Tamaa hana, amekuwa mzee, na alivyovitaka vimekwisha. Taraja hana, ombi la huruma limekataliwa, na kamba ii tayari. Akiri, ashukuru kwa watu waliomtendea wema akiwataja kwa majina, awaombea waliobaki, kisha jua linapokaribia asimama na kuvua kofia, akielekea mashariki. Mwandishi hamwambii kwamba mambo yatakuwa mazuri. Asema tu kwamba alfajiri imekuja kama ijavyo siku zote. Na ile alfajiri nyingine, ya kufunguliwa kwa watu kutoka katika hofu, itakuja lini, hiyo imebaki siri.

Mtu aliyekunywa dawa ya usingizi halali mlimani akiwa macho mpaka jua lichomoze. Hilo ndilo jibu la kwanza. Kumalo akesha. Tumaini lake halimpunguzii maumivu hata kidogo. Lamzuia tu asimwache mwanawe afe peke yake, na lamzuia asiwachukie wanaomwua. Jibu la pili ni kwamba kukesha huku si kazi yote. Bondeni Letsitsi ameanza kuufufua udongo, naye hangoji alfajiri. Riwaya yawahitaji wote wawili, mzee anayekesha na kijana anayechimba, na kosa la wasomaji wengi ni kumchagua mmoja ili kumfukuza mwenzake.

Na juu ya lile swali lililo gumu zaidi, la kweli isiyolipa, sina la kumwambia mwanafunzi wangu isipokuwa lile ambalo kitabu kimeniambia. Kazi yake haitarudi kwa sababu ya makala hii, nami nisingependa kumtia taraja lisilo na msingi. Lakini aliyesema kweli bado anaweza kubisha mlango wowote na kusimama hapo kwa jina lake, hata mlango ambao nyuma yake yuko mtu aliyemkosea au aliyekosewa naye. Wenzake waliokana hawana uwezo huo. Katika dunia yenye giza si jambo dogo kuwa na mtu mmoja awezaye kubisha mlango. Nilipomweleza hivyo alitikisa kichwa, akasema kwamba atakisoma kitabu mara ya pili, akianzia mlangoni pa Springs. Nami naona kwamba hapo ndipo pa kuanzia.